Cheti Kilichoisha Nikiwa Edani

Cheti cha seva ya barua pepe, kile cha bure ninachokitumia mimi, hudumu siku tisini. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hesabu yake haihitaji kalamu: mjane akiingia edani wiki ile ile aliyotoa cheti kipya, cheti kitaisha yeye bado yumo ndani. Mjane nilikuwa mimi, na mwangalizi wa cheti nilikuwa mimi, na hesabu hiyo sikuipiga. Aliyeumia ni mwanamke mmoja wa Kikoneni ambaye alikuwa akingoja barua moja tu.

Kazi yangu ni kuangalia seva za watu ambao hawataki kujua kwamba wana seva. Nina chumba kimoja Ukunda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wangu hawazidi vidole vya mkono: shule moja, nyumba mbili za wageni kule Diani, na kliniki ndogo upande wa Msambweni inayosaidiwa na wafadhili wa ng'ambo. Watu huniita fundi wa mtandao. Pale kliniki waliniita mwalimu, na halikuwa jina la heshima. Waliniita hivyo kwa sababu nilikuwa nawasomesha hata walipotaka kwenda kula.

Somo langu kubwa lilikuwa moja. Simu inapotaka kuchukua barua, huiita seva kwa jina lake. Seva huitika na kutoa cheti. Simu hukisoma: jina lililoandikwa humu ndilo nililoliita? Tarehe haijapita? Aliyetia sahihi anajulikana? Yote matatu yakiwa sawa, barua zinaingia na mtu hajui kama kuna lolote lililoulizwa. Moja likikosekana, simu hutoa onyo, na chini ya onyo huwa kuna kitufe cha kuendelea hivyo hivyo. Kitufe hicho nakichukia. Ni sawa na mlinzi wa geti anayemwambia mwenye nyumba, huyu mgeni simjui, kitambulisho chake si chake, nimfungulie?

Mfanyakazi mmoja wa kliniki alikibonyeza kitufe hicho akiwa kwenye mtandao wa bure wa hoteli moja, na kesho yake anwani ya kliniki ikawa inatuma matangazo ya dawa za nguvu za kiume hadi kwa wafadhili wenyewe. Nilikuja juu siku ile. Niliwakusanya wote, kuanzia muuguzi mkuu hadi mlinzi, nikawasema mpaka mate yakanikauka. Kisha nikaandika kwa kalamu nene, nikabandika ukutani juu ya kompyuta ya ofisi: UKIONA ONYO LA CHETI, USIBONYEZE KUENDELEA. NIPIGIE MIMI. Tangu hapo hakuna aliyekigusa tena.

Mwanamke wa Kikoneni alikuwa mtunza kadi wa kliniki. Ndiye aliyekaa dirishani, akipokea wagonjwa na kutafuta kadi zao kwenye makabati. Alikuwa na watoto wawili na alikuwa amefiwa na mumewe miaka mingi nyuma. Kila mwaka wale wafadhili humsomesha mfanyakazi mmoja uuguzi, na yeye alikuwa ameomba mara mbili akakosa. Sharti lao ni kwamba mwombaji asiwe amepita miaka thelathini na mitano. Mwaka huo ndio alikuwa na thelathini na mitano kamili. Akikosa mara ya tatu, basi. Angekaa na kadi zake mpaka uzeeni.

Walimhoji kwa video kwenye kompyuta ya ofisi, wakamwambia jibu litakuja kwa anwani rasmi ya kliniki wala si kwa anwani ya mtu binafsi, na kwamba akikubaliwa kutakuwa na fomu ya kutia sahihi na kurudisha ndani ya siku kumi na nne. Aliniambia haya yote mwenyewe, akinihesabia kwa vidole. Nikamwambia inshallah.

Wakati huo mimi nilikuwa na shughuli ya jina. Kwa miaka mingi seva ya kliniki ilikuwa ikiitwa kwa jina lililo chini ya anwani ya hoteli moja ya Diani, kwa sababu hoteli hiyo ndiyo iliyotupa nafasi mwanzoni kwa hisani. Hoteli ikapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya hawakutaka hisani za wenyewe wa zamani. Wakanipa mwezi mmoja niliondoe jina lao. Kwa hiyo nililisajili jina jipya, la kliniki yenyewe, nikaomba cheti kimoja chenye majina yote mawili, la zamani na jipya, ili mtu ambaye simu yake bado haijabadilishwa asikatikiwe. Baada ya hapo nikaanza kuzipitia simu na kompyuta zao moja moja: futa jina la zamani, andika jipya, weka poti, yaani namba ya mlango wa barua, 993, jaribu, barua zikiingia nenda kwa mwingine. Zilikuwa kumi na moja. Nikishamaliza zote, lililobaki lingekuwa jambo dogo la jioni moja nyumbani: kuliondoa jina la zamani kwenye cheti. Nisipoliondoa, siku seva itakapokwenda kuomba cheti kingine, itaulizwa habari za majina yote mawili, la hoteli halitaitikia kwa kuwa hoteli watakuwa wamelifuta, na ombi zima litakataliwa. Hayo niliyajua kama ninavyojua njia ya kisimani.

Simu ya kumi na moja ilikuwa ya mtunza kadi. Nilikuwa nimeishika mkononi, nimesimama kando ya dirisha lake, ilipolia yangu. Alikuwa jirani yetu wa Mkongani. Mume wangu alikwenda huko tangu asubuhi kutazama mikorosho yake, na alikuwa ameanguka shambani, na walimbeba, na hawakufika naye hospitali akiwa hai. Jirani aliyasema haya kwa mpangilio huo huo, halafu akasema innalillahi.

Nilimjibu. Kisha nikamalizia kuandika jina la seva kwenye ile simu. Nikaweka poti. Nikajaribu. Barua zikaingia, tatu. Nikamrudishia mwenyewe simu yake, nikamwambia, "Iko tayari. Mume wangu amefariki."

Yeye ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa natafuta chaja yangu.

Sitaki kuyaeleza maziko, kwa sababu sikuyaona. Wanawake hatuendi makaburini, na hata yale yaliyotokea nyumbani nayakumbuka kama mambo niliyosimuliwa. Nakumbuka wanaume waliondoka na jeneza na ua ukabaki mweupe kwa viti vya plastiki. Nakumbuka mama mkwe, ambaye alikuwa amempoteza mtoto wake wa pekee wa kiume, akinifunga kilemba yeye, badala ya mimi kumfunga yeye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Jirani huyu alileta kuni, yule alileta sukari, mwingine alileta masufuria ambayo mpaka leo hatujui ya nani.

Basi nikakaa eda. Nilikatazwa kutoka, kujipamba na kutia manukato, na yote matatu hayakunipa tabu. Kompyuta hakuna aliyenikataza. Lakini mama mkwe aliichukua siku ya pili, akaizungushia leso, akaiweka juu ya kabati la chumbani kwake. "Mwanangu," alisema, "kazi haziishi. Pumzika." Simu yangu akapewa wifi yangu, dada wa marehemu, na kila aliyepiga alijibiwa kwa upole uleule: yuko edani, salamu zitafika. Sikubishana nao. Ningeweza kusema nina jambo dogo la dakika kumi kwenye seva, na wangenipa. Jambo lenyewe halikunijia akilini hata siku moja.

Watu waliniuliza najisikiaje. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, ukiubonyeza hauna habari. Wanawake walikuja kuhani, wakalia, nikawapa vitambaa. Kurani ilisomwa. Nilikula nilichopewa. Nilijua idadi ya misumari kwenye kila bati la chumba changu, na nilijua kwamba bati la tatu kutoka mlangoni lilipigiliwa na mtu mvivu, na hilo likawa linanikera kuliko msiba. Nilikuwa naona aibu kwa sababu ya hilo, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali.

Sasa najua cheti kiliisha siku gani, maana seva huandika kila kitu. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nafanya nini siku hiyo. Ilikuwa Jumanne. Nadhani nilikuwa nachambua mchele.

Eda ilipokwisha walinikogesha, wakanivisha leso mpya, ikasomwa dua, tukala pilau. Alasiri mama mkwe akaniletea kompyuta ikiwa bado ndani ya leso yake, imefungwa kama maandazi ya safari. Nikaichomeka kwenye umeme. Ilipofunguka, sanduku langu la barua lilikuwa limejaa ujumbe mmoja unaojirudia, kutoka kwa seva yangu mwenyewe: ombi la cheti limekataliwa. Jina halijathibitishwa. Umebakiwa na siku thelathini. Umebakiwa na siku kumi. Umebakiwa na siku moja. Halafu seva ikachoka kuhesabu.

Nilijua kosa kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nililiondoa jina la hoteli, nikaomba cheti upya, nikaiwasha upya huduma ya barua, nikalijaribu jina jipya kutoka kwenye simu yangu. Kila kitu kikaitika. Ilinichukua dakika nane. Cheti kilikuwa kimekufa kwa siku thelathini na nane. Nikaenda kuosha masufuria.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kliniki. Muuguzi mkuu, mwanamke wa bara mwenye mwili na sauti, alinikumbatia mlangoni akaniacha sina pumzi. Nikamwambia barua zimefunguka. "Hizo barua!" alisema. "Twende uone." Akanipeleka ofisini. Karatasi yangu ilikuwa bado ukutani, imeanza kujikunja pembeni. Akaketi, akaifungua kompyuta, na barua zikaanza kuingia moja baada ya nyingine, za siku thelathini na nane. Hakuna hata moja iliyokuwa imepotea. Seva ilikuwa ikizipokea zote siku zote hizo na kuzipanga vizuri. Wenyewe tu ndio hawakuweza kuingia kuzichukua.

Tatu zilitoka kwa wafadhili. Muuguzi mkuu alizisoma kwa sauti, na katikati ya ya kwanza sauti yake ikashuka. Ya kwanza ilikuja siku ya tano baada ya cheti kuisha: mtunza kadi wenu amekubaliwa, tunampongeza, fomu imeambatishwa. Ya pili ilikuja baada ya siku kumi, ikikumbusha. Ya tatu ilisema kwa masikitiko kwamba muda umepita bila jibu, na nafasi amepewa mwombaji wa kliniki nyingine.

Muuguzi mkuu aliwapigia papo hapo, kwa namba iliyokuwa chini ya barua ya tatu. Walimsikiliza kwa adabu. Masomo yalikuwa yameshaanza wiki iliyotangulia. Wakamwambia mwakani waombaji wote watakaribishwa, wenye umri unaoruhusiwa.

"Mliona onyo?" nikamwuliza alipoweka simu.

"Siku ya kwanza kabisa. Kwa simu zote."

"Na mkafanya nini?"

"Tulifanya ulivyosema," alijibu, akionyesha ukutani kwa kidevu. "Hatukubonyeza. Nikaleta fundi mwingine wa Ukunda, kijana wa maduka ya simu, akasema bonyezeni tu kuendelea, mama, hii ni kitu kidogo. Wafanyakazi wakamfukuza. Walitaka kumpiga, nakuambia. Mimi nikaandikia wafadhili kwa anwani yangu, hawakujibu. Sijui kama waliona."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Niliwalea wasibonyeze, hawakubonyeza. "Lakini karatasi inasema mnipigie," nikamwambia.

"Mimi nilitaka kupiga. Mimi ni mtu wa bara, nilisema ni dakika mbili tu, atatuambia la kufanya. Tukakaa kikao. Wenyewe wa hapa wakasema haifai, mjane hasumbuliwi na kazi za watu. Na aliyekataa kabisa ni huyo mtunza kadi. Alisema akisikia mtu amekupigia, yeye na huyo mtu basi."

Nilimwuliza kama huyo mama alikuwa akijua anachokingoja kiko humo. Muuguzi mkuu akasema alijua kuliko wote. Alikuwa akija ofisini kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, anaangalia onyo kama bado lipo, halafu anakwenda zake.

Nilimwomba aitwe. Ningeweza kumwachia muuguzi mkuu kazi hiyo, na nilitamani, lakini hilo lingekuwa ni mimi tena kuacha jambo la mwisho bila kulifanya.

Alikuja na kadi kifuani, akaziweka mezani. Alinishika mikono yote miwili. "Dada, pole," alisema. "Nilikuja siku ya tatu, sijui kama uliniona, watu walikuwa wengi." Sikuwa nimemwona. Nikamwambia nilimwona. Kisha nikamwambia asome.

Aliisoma ya kwanza akiwa amesimama. Aliisoma polepole, akaisoma tena, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Wamenichukua," alisema, akacheka kidogo, akamtazama muuguzi mkuu, akanitazama mimi. Hatukucheka naye. Akasogeza mpaka ya tatu. Hiyo aliisoma mara moja tu.

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari ya majina mawili kwenye cheti kimoja, la hoteli na la kliniki, na kwamba lilibaki jambo moja la dakika nane ambalo nilikusudia kulifanya jioni ile, na kwamba sikulifanya jioni ile wala siku nyingine yoyote, na hakuna aliyenizuia. Nilimwambia kosa ni langu, si la kompyuta wala si la wafadhili. Nilisema yote hayo kwa sauti ile ile ninayotumia kuwasomesha, na nilijisikia nikisema, na nilichukia sauti yangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Jioni ile ulikuwa unafiwa," alisema.

"Siku nyingine je? Mngenipigia ningefanya. Kwa nini ulikataa nisipigiwe?"

Akavuta kiti, akakaa. Wagonjwa walikuwa wakigonga dirisha lake kwa funguo, naye hakugeuka. "Mimi nilipofiwa," alisema, "nilikaa eda siku kumi na mbili tu. Watoto walikuwa wadogo na hapakuwa na mtu, nikatoka, nikaenda kufua nguo za wageni Diani. Nilikuwa nalia njiani. Nikifika kazini nanyamaza, maana tajiri alisema nguo zinapata uchuro. Halafu kulia kukaisha na sijamaliza, umenielewa? Mpaka leo sijamaliza. Nikasema, wewe usifanyiwe hivyo. Wewe una watu. Barua ingoje."

Muuguzi mkuu alikuwa amegeukia ukutani, anapangusa macho kwa ncha ya aproni. Mtunza kadi alikuwa ananitazama mimi.

"Ulipata kumlilia?" akaniuliza. "Ulimlilia vizuri?"

Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani ya chumba kile, simu mbali, kompyuta mbali, watu wakinipikia na kunifulia na kunijibia, na sikuwa nimetoa chozi hata moja.

"Nilipata," nikamwambia.

"Alhamdulillahi," alisema, na uso wake ukatulia kweli. Akazikusanya kadi zake mezani, akazigonga pembe zikalingana, akarudi dirishani kuita jina la kwanza.